Malaria ya Kamene

Kwako Mumbua, mwaitu,

Nakuita mwaitu, mama yetu, kwa sababu ulipewa jina la mama yangu. Huenda baada ya kusoma karatasi hizi usitake nikuite hivyo tena, kwa hiyo nimeona niliandike leo nikiwa bado na ruhusa.

Umeshuka mjini Machakos kuchapisha fomu zako za mtihani, na mama yako yuko jumuiya. Nimebaki peke yangu na hii meza ambayo umeifanya chuo kwa miezi mitano. Vitabu umeshapakia, lakini ile karatasi kubwa ya saratani za damu bado iko ukutani, umeibandika kwa selotepu juu ya kalenda ya kanisa. Huku zile zinazokuja ghafla, huku zile zinazokuja polepole, na kila moja ina matawi yake, kila tawi na rangi yake. Ni kazi safi. Kila nikipita hapo nasikia kichefuchefu, na umeona, maana juzi ulimwambia mama yako, "Baba anachukia masomo yangu." Nilikuwa nyuma ya mlango.

Sichukii masomo yako. Sitakuandikia pia habari ya kufunga mlango huko Syokimau kwa binamu yako, unakohamia kesho hadi mtihani, wala kula, wala kusali. Mama yako amekuambia hayo mpaka ukaziba masikio. Mimi nina jambo moja tu, na si zuri.

Ilikuwa Jumapili mchana, wiki tano zilizopita. Tulikuwa tumemaliza kula, ukanisukumia zile kadi zako ukasema, "Baba, si wewe ulikuwa mtu wa maabara? Nishikie hizi uniulize." Nilifurahi. Tangu urudi na shahada yako kutoka chuo cha nje ukaambiwa lazima upite mtihani wa leseni kwanza ndipo uguse mgonjwa wa hapa Kenya, nilikuwa sijapata namna ya kukusaidia. Nikavaa miwani.

Kadi ya kwanza ulijibu, ya pili ukajibu. Ya tatu nikasoma: mtu mzima, amechoka kwa miezi, analowa jasho akilala, anakonda, anashiba kwa vijiko viwili, tumbo limejaa upande wa kushoto kwa sababu bandama imevimba. Ukipima damu, chembe nyeupe zimefurika, changa na zilizokomaa pamoja.

Ukacheka. "Hiyo ni rahisi. Ni ile ya polepole, inayoanzia kwenye uboho." Halafu ukaongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye kadi. "Unajua, Baba, kama ningelazimishwa kuchagua saratani ya kuugua, ningechagua hii. Siku hizi ni tembe tu. Mtu anameza kila siku, anaenda kazi yake, anazeeka. Na hata wale hawawezi kununua, hapa Kenya kuna mahali wamekuwa wakipewa bure."

Nikakuuliza, "Tangu lini?"

"Aki Baba, kitambo. Tangu nikiwa mtoto."

Niliweka kadi chini nikatoka. Nilitapika nyuma ya banda la kuku, nimeshika bati kwa mkono mmoja, kuku wakinizunguka kuona kama kuna cha kudonoa. Mama yako alilaumu avokado. Wewe uliniletea maji ya chumvi na sukari, ukanishika mkono ukihesabu mapigo ya moyo kama daktari kamili, na mimi nikakuacha unihurumie. Hilo peke yake linanichefua hadi leo. Sasa nataka ujue nilichokuwa natapika.

Unaikumbuka Kithimani vizuri kuliko unavyofikiri. Ulikuwa darasa la nne. Mama yako alikuwa amehamishiwa shule ya mbali, anarudi Ijumaa, na sisi wawili tuliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili karibu na soko. Mimi nilikuwa mtu wa maabara katika kliniki ya binafsi kando ya barabara ya Garissa. Mwenyewe tulimwita Daktari. Alikuwa amesomea udaktari mdogo, lakini kwenye ubao wa nje hakuandika mdogo.

Maabara ilikuwa chumba cha upana wa kitanda. Darubini moja, sinki moja, na chupa ya rangi ya zambarau ya kupaka damu ili wadudu wa malaria waonekane. Rangi ile inapaswa kuchujwa na kubadilishwa. Yetu ilikuwa na utando juu kama maziwa yaliyolala, na siku yangu ya kwanza nilikuta nzi wawili ndani. Vioo vya kuwekea damu vilioshwa na kutumika tena, na ukivishika juani unaona alama za damu za watu wengine. Kwenye meza ile ile, kando ya damu, Daktari aliweka sahani yake ya chipsi, akala kwa vidole huku akisaini karatasi, na karatasi zikatoka na mafuta.

Siku hiyo ya kwanza nilienda nyumbani sikula. Nilimwambia mama yako kwa simu, "Hapa ni pachafu, sitamaliza mwezi."

Nilimaliza miaka sita.

Kumbuka hapo, mwaitu, kwa sababu ndipo kila kitu kilipoharibika, na hakuna mtu aliyepiga kelele. Kile kinyaa nilichokuwa nacho siku ya kwanza kilikuwa ndicho kitu cha maana kuliko vyote nilivyotoka navyo chuoni. Mwezi wa kwanza nilichuja rangi mwenyewe kwa kitambaa. Mwezi wa pili nilitoa nzi tu. Mwezi wa tatu niliona nzi nikachovya kioo pembeni yake.

Na kazi yenyewe ikaenda vivyo hivyo. Mwanzoni niliangalia kila kioo. Kithimani ni pakavu, malaria si nyingi kama watu wanavyodhani, kwa hiyo karatasi zangu nyingi zilirudi zikisema hakuna wadudu. Siku moja Daktari akaja akasimama mlangoni.

"Mutiso, wewe ulikuja kutafuta wadudu ama kutafuta makosa yangu?"

"Nimeandika nilichoona, Daktari."

"Mtu ametembea kutoka Ndalani na homa. Unataka nimwambie hana kitu? Angalia vizuri."

Nikaanza kuangalia vizuri. Kuangalia vizuri maana yake ilikuwa kuandika malaria, plasi mbili, yaani wadudu ni wengi, kwa kila mwenye homa, halafu mgonjwa anadungwa sindano na kila mtu anaridhika. Baadaye niliacha kuweka vioo kwenye darubini kabisa. Nilichoma kidole, nikapaka damu, nikaacha kioo kikauke kwenye meza, nikaandika. Wagonjwa wengi walipona kwa sababu homa nyingi hupona zenyewe, na walirudi kunishukuru. Wengine waliniletea maembe. Niliyala.

Sikulazimishwa, na sitaki umchukie Daktari ili unisamehe mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Nilipenda kumaliza kazi saa nane, nikae nje na redio.

Sasa Kamene. Yeye unamkumbuka, najua, kwa sababu mwaka huu huu ulipoona muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, mezani ulisema hakuna aliyewahi kuupika kama yeye. Kibanda chake kilikuwa mkabala na kliniki. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mfereji. Mumewe, Muli, alilima nyanya kwenye maji ya mfereji wa Yatta, na hawakuwa wamepata mtoto. Wewe ukitoka shule ulipitia kwake. Alikupakulia kwanza, kabla ya wateja, ukafanya hesabu zako kwenye benchi lake hadi nikuchukue. Nilipotaka kumlipa alinifukuza na mwiko. "Toka hapa. Huyu si wako peke yako."

Alianza kuchoka wakati wa kupanda. Akaja kliniki akicheka, akisema amekuwa mvivu kama mume wa pili. Nilimchoma kidole. Sikuangalia kioo. Niliandika malaria, plasi mbili. Akadungwa, akaenda kupika.

Baada ya wiki kama sita akarudi. Nguo zilikuwa zinamning'inia. Aliegemea mlango wa maabara, akashika ubavu wa kushoto akasema, "Mutiso, niko na mimba ya upande mmoja." Tulicheka sote. Halafu hakuweza kusimama, nikamvutia kiti. Nilipomchoma kidole mkono wake ulikuwa baridi na mwepesi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliweka kioo kwenye darubini. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ulikuwa unakula kwake.

Unajua nilichoona, umekichora ukutani hapa kwa kalamu ya kijani. Mahali ambapo unatarajia chembe nyeupe moja hapa, moja pale, zilikuwa zimesongamana kama watu siku ya soko, wakubwa na wadogo, kila umri. Nilisogeza kioo, zikawa vilevile. Nilisogeza tena. Chuoni tulikuwa tumeonyeshwa kioo kama hicho mara moja tu, na mwalimu alituambia, "Mkiwahi kuona hiki, acheni kila kitu mkamwite daktari mbio."

Nilijua, Mumbua. Hapa ndipo nataka usome polepole. Mara ya kwanza naweza kusema nilikuwa mvivu. Mara ya pili nilijua.

Nilienda ofisini kwa Daktari nikafunga mlango. Nikamwambia, "Huyu Kamene hana malaria. Chembe nyeupe zimejaa. Ni saratani ya damu, apelekwe Nairobi leo."

Aliendelea kula. "Tuko na mashine ya kuhesabu chembe hapa?"

"Hatuna."

"Basi umehesabu na nini? Vidole?" Akavuta faili. "Na hii ya wiki sita zilizopita? Plasi mbili. Sahihi ya nani hapa chini?"

Sahihi ilikuwa yangu.

"Kama leo si malaria, basi na ile haikuwa malaria. Na ile ya mama yule mwingine. Na zote. Unataka nianze kuwaita warudi?"

Ningetoka hapo nikamwambia mwenyewe. Alikuwa kwenye kiti, hatua nne kutoka mlango ule. Ningemwambia, "Kamene, funga kibanda, panda gari na Muli, nendeni hospitali kubwa, waambie wapime damu yako yote." Hayo tu. Hata sikuhitaji kutaja jina la ugonjwa.

Nilirudi maabara. Aliniuliza, "Ni nini?" Nikasema, "Ni ile malaria, imekataa kutoka. Bandama ndiyo imevimba." Nikachukua kalamu nikaandika malaria, plasi tatu. Niliongeza plasi moja ili ieleweke kwa nini hakupona. Halafu nilichukua kile kioo nikakiosha kwa sabuni, nikakisugua kwa kidole gumba mpaka kikawa cheupe, nikakipanga na vingine. Jioni hiyo nilikuchukua kwake. Alikuwa amekupikia, yeye mwenyewe hakuwa ameonja. Alikuambia umsaidie kuinua sufuria.

Mara ya tatu hakuja kwetu. Fizi zilianza kutoka damu, akawa na madoa mwilini, Muli akatafuta gari akamkimbiza hospitali ya mbali. Huko walijua ndani ya saa moja, lakini ilikuwa imeshageuka kuwa ile kali, na hakumaliza siku tatu. Muli alikuwa amechanganyikiwa, hakushika lile jina refu walilomtajia wala hakuuliza tena. Kwenye mazishi mhubiri alisema malaria imempanda kichwani, na watu wakaitikia. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Nilibeba jeneza. Nilipewa sahani nikala, nikaongezwa, nikala tena.

Tukirudi nyumbani uliniuliza, "Baba, Kamene aliuawa na nini?"

Nikakuambia, "Malaria, mwaitu."

Na ukaniuliza, "Si wewe ndiye unaona malaria? Hukuiona mapema?" Nikasema wadudu wengine hujificha. Ulikuwa na miaka kumi.

Umesikia watu wakisema mtu akikosa hivyo halali. Uongo. Nililala vizuri. Nilijitengenezea sentensi moja, nayo ilinibeba miaka yote: saratani ya damu haiponi, angekufa tu. Nilikuwa naitoa kama mtu anavyotoa kitambaa mfukoni, najifuta, narudisha. Niliendelea na kazi ile ile na kalamu ile ile kwa miaka miwili zaidi. Mlipohama nami kuja hapa Machakos na nikafungua duka la dawa za mifugo, niliwaambia macho yangu yamechoka na darubini. Macho yangu hayakuwa na shida. Daktari alipata kijana mwenye haraka kuliko mimi, akaniambia nisije Jumatatu. Kwa hiyo usiniwekee hata heshima ya kuwa niliacha. Nilifukuzwa mahali pachafu kwa kuwa sikuwa mchafu kwa kasi ya kutosha.

Basi Jumapili ile, kwa kucheka kwako, ulininyang'anya hiyo sentensi. Tembe. Kila siku. Bure. Tangu ukiwa mtoto.

Wiki iliyofuata nilikuwa nachungulia daftari lako ukiwa umetoka. Naomba radhi kwa hilo pia. Ulikuwa umeandika kwa hasira kwamba vitabu viwili vikubwa vimekosana: kimoja kinasema ugonjwa ule una hatua tatu, kingine, katika toleo lake jipya, kimeifuta ile ya katikati, na pembeni umeandika, "Sasa mtihani unataka ipi??" Sijui mtihani unataka ipi. Najua tu kwamba Kamene alipokuwa ameegemea mlango wangu alikuwa bado anacheka, bado anapika, bado anatembea kwa miguu yake. Hatua yoyote waliyoiita, ilikuwa hatua ambayo mtu bado anaweza kupanda gari.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilikuambia naenda Yatta kuona mteja wa chanjo za kuku. Nilienda kumwona Muli.

Nilimkuta shambani, anafungulia maji kwenye mistari ya nyanya. Amezeeka, lakini mgongo bado umenyooka. Alioa tena, ana watoto watatu sasa. Alinisalimia kwa furaha, akamwita mkewe alete chai. Nikamwambia asilete. Nikamweleza nikiwa nimesimama kwenye matope, yote, kama nilivyokuandikia hapa, pamoja na kile kioo nilichokiosha.

Hakunikatiza. Alipiga jembe mara moja kufunga maji, kisha mara ya pili, ingawa yalikuwa yameshafungika. Halafu akasema, "Kwa hiyo hakukuwa na malaria."

"Hakukuwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaketi kwenye ukingo wa mfereji. "Mimi nilimgombeza juu ya neti, Mutiso. Alikuwa anasema neti inamziba pumzi, hataki kulala ndani. Mpaka kule hospitali, amelala hapo anatoka damu, mimi namwambia, si nilikuambia? Si nilikuambia uingie kwa neti? Aliniomba msamaha." Akanitazama. "Aliniomba msamaha, akafa."

Nilitaka kupiga magoti, na papo hapo nikaona uchafu wake: nipige magoti ili yeye aniinue, aniambie pole. Nikabaki nimesimama.

Baadaye akauliza, "Yule msichana wako aliyekuwa anakula kibandani, anajua?"

"Hapana. Amesomea udaktari. Yuko karibu kufanya mtihani wa leseni."

"Umemwambia alikufa na nini?"

"Malaria."

Akainuka, akachukua jembe lake. "Basi umeniambia mimi kwa sababu mimi ni mzee na niko mbali. Nenda umwambie yule. Kamene alimlisha kwa mkono wake." Na nilipogeuka akaniongezea, "Usirudi hapa. Si kwa hasira. Sitaki tu kukuona."

Nikaenda mpaka barabarani. Pale ilipokuwa kliniki yetu kuna duka la simu. Lakini mbele kidogo, kwenye jengo jipya, niliona ubao wenye jina jingine, na chini yake, mlangoni, Daktari mwenyewe akijichokoa meno. Amenenepa. Ana maabara mbili sasa. Alinipungia mkono kama rafiki, na mkono wangu, Mumbua, mkono huu ninaoandikia, uliinuka kumjibu kabla sijauzuia. Niliushusha, lakini alikuwa ameshauona.

Utauliza kwa nini nakuambia leo, wiki tatu kabla ya mtihani wako, wakati ningeweza kungoja. Nimejiuliza. Kila nilipofikiria kungoja nilijisikia nikitamka "angalia vizuri" kwa sauti ya Daktari. Ukishapita ningengoja upangiwe hospitali, ukishapangiwa ningengoja uolewe, na siku moja ungesimama kanisani unasoma wasifu wangu, mtumishi mwaminifu wa maabara. Siwezi. Nikifikiria hayo maneno kinywani mwako natapika tena.

Sina mafundisho. Nina vitu vichache tu nilivyovijua nikiwa nimechelewa, navyo ni hivi. Siku yako ya kwanza wodini kuna kitu kitakuchefua. Kinaweza kuwa shuka, au sauti ambayo muuguzi anamwitia mzee, au daktari mkubwa anayeandika kabla ya kumgusa mgonjwa. Watakuambia utazoea. Ni kweli, utazoea, na hilo ndilo la kuogopa. Mimi sikuwahi kuamua kuwa mtu mbaya. Nilizoea tu, nzi baada ya nzi. Kama unaweza, chukia kwa muda mrefu. Na siku ukikuta hukichukii tena kile kilichokuchefua, mwambie mtu, au toka hapo.

Na ukikosea, kama utakavyokosea, liseme kosa lingali la jana. Kosa langu la kwanza juu ya Kamene lingefutika kwa sentensi moja na aibu ya alasiri moja. La pili niliandika kulinda la kwanza. Hakuna aliyeniambia chuoni kwamba plasi mbili za leo zitakudai plasi tatu kesho.

Hayo majina uliyoyapanga ukutani, yasome yote, hata yale vitabu vinagombania. Niliwahi kudhani majina ni kiburi cha wasomi. Lakini jina sahihi lingempa Muli kitu kingine cha kukasirikia zaidi ya mke wake anayekufa.

Jumatatu nitaenda ofisi ya afya ya kaunti. Nimeandika kurasa nne, jina langu juu kabisa, la Daktari chini yake, na yale yote niliyofanya kwa miaka sita kadiri ninavyokumbuka. Sijui watazifanya nini. Pengine watazifungia kwenye kabati. Pengine wataniita, na jina la Mutiso litatajwa mahali ambapo wewe pia unataka jina la Mutiso liandikwe kwa heshima. Sikuombi ruhusa, kwa sababu ukisema hapana ningefurahi, nami siamini kitu chochote kinachonifurahisha katika jambo hili. Mama yako nilimwambia jana. Hajazungumza nami tangu hapo, ila amenipikia.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uisome leo ukirudi, kabla hatujaonana tena. Kesho asubuhi ukiondoka nitakuwa langoni. Ukitaka kunisalimia, nisalimie. Ukitaka kupita bila kuniangalia, pita, nitaelewa, wala usimwambie mama yako akulazimishe. Vyovyote utakavyofanya, sanduku ni zito na njia ya kushuka ni mbaya, kwa hiyo nitalibeba mimi hadi barabarani, nikitembea nyuma yako.

Ni mimi, niliyemwandikia Kamene malaria,

Baba yako, Mutiso